Maji ya kuoshea kwa mashine ya presha mjini Tabora: mwongozo kamili, kuanzia bombani hadi kwenye nozo

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya kuosha kwa presha huuliza kwanza habari za mashine: ya petroli au ya umeme, bar ngapi (kipimo cha presha), bei gani. Wakishanunua huuliza wafunge tenki la lita ngapi. Swali la tatu, kwamba tenki hilo litajaa kwa muda gani, wengi hawaliulizi, na ndilo linaloamua kama kwa siku utafanya kazi moja au tatu. Mwenye tenki la lita 300 linalojaa kwa dakika tano atampita mwenye tenki la lita 1,000 anayekaa saa moja na nusu ameshika mpira wa nusu inchi.

Nimeandika haya kwa mtu wa Tabora mjini na wilaya za jirani, anayebeba mashine yake kwenye guta, Kirikuu, pikapu au Canter na kuwafuata wateja walipo. Tunaanza na hesabu, maana bila hesabu mengine yote ni kubahatisha.

Hatua ya 1: Jua mashine yako inatumia lita ngapi

Mashine ndogo za umeme kwa kawaida hutumia lita 6 hadi 8 kwa dakika. Za petroli za nguvu farasi 6.5 huwa kwenye 9 hadi 11, na zile kubwa za nguvu farasi 13 hufika 15. Takwimu za kwenye bati la kiwandani ni za mashine mpya, kwa hiyo pima ya kwako.

Chukua tenki lako likiwa tupu, limwagie ndoo za lita 20, na kila ndoo ya tano chora mstari kwa wino usiofutika. Kila mstari ni lita 100. Kisha washa mashine, bonyeza bunduki (kile kishikio cha kurushia maji) dakika tano mfululizo, soma maji yameshuka kiasi gani, gawa kwa tano. Hiyo ndiyo namba yako. Mistari hiyo iache hapohapo, utaihitaji kila siku.

Kumbuka kidole hakikai kwenye bunduki muda wote. Unahamisha mpira, unasogeza viti vya watu, unasubiri sabuni ilainishe uchafu. Katika saa moja ya kazi, maji hutoka dakika 35 hadi 40 tu. Mashine ya lita 15 kwa dakika itakula kama lita 525 hadi 600 kwa saa, wala si 900. Ukilisahau hili utabeba maji ya ziada bure na kuchosha springi za gari.

Kwa eneo la sakafu, mfano uwanja wa pevingi, kuna njia bora zaidi. Osha mita za mraba 10 kama utakavyoosha zote, kisha tazama maji yaliyotumika. Tuseme umetumia dakika 8 kwa mashine ya lita 12: hizo ni lita 96. Uwanja wa mita za mraba 150 utataka kama lita 1,440, ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya kusuuza na madoa sugu, unafika 1,730. Andika kwenye daftari: pevingi chafu, ukuta wa rangi, bati la vumbi, Fuso, basi. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko mashine yenyewe, kwa sababu vumbi la Tabora la mwezi wa tisa halioshwi kwa maji ya kipimo kimoja na tope la mwezi wa pili.

Hatua ya 2: Pima bomba la mteja kabla ya kutaja bei

Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Maji yapo, usiwe na wasiwasi, hapa kwangu hayakatiki."

"Ahsante mama. Naomba tu nipime bomba kwa ndoo moja, halafu tupatane bei."

Hakuna mama atakayekunyima ndoo moja, na kipimo hiki humwonyesha kwamba unaijua kazi yako. Fungua bomba mpaka mwisho, weka ndoo ya lita 20, hesabu sekunde kwa simu. Zidisha kwa 50, gawa kwa 60, unapata dakika za kujaza lita 1,000. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30, lita 1,000 ni dakika 25. Ikijaa kwa sekunde 60, ni dakika 50. Ikichukua dakika tatu nzima, ni saa mbili na nusu, na hapo "hayakatiki" ya mama ni kweli lakini haikusaidii peke yake.

Haikusaidii peke yake, nasema, kwa sababu bomba dhaifu lina faida moja ambayo wengi hawaioni: linatiririka hata wakati kidole chako kimepumzika. Chukua bomba la lita 7 kwa dakika na mashine ya lita 15. Kwa saa moja bomba linakupa lita 420. Mashine, ikitoa maji dakika 38, inataka 570. Upungufu ni lita 150 tu. Ukifika na tenki la lita 500 limejaa, ukachomeka mpira wa mteja juu yake tangu dakika ya kwanza, utaosha zaidi ya saa tatu bila kusimama. Watu wengi huanza na tenki lao, likikauka ndipo wanakumbuka bomba. Fungua bomba kwanza, kisha ndipo ushushe mashine.

Mashine usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la mteja. Siku za mgao presha hupanda na kushuka, pampu inakosa maji na kuvuta hewa, na nyumba nzima inabaki bila maji jikoni. Weka tenki au pipa katikati kila mara. Na mdomo wa mpira unaojaza uning'inie juu ya maji, usizame ndani. Acha nafasi ya vidole vinne hivi kati ya mdomo na maji. Presha ya mtaani ikikatika ghafla, bomba linaweza kunyonya kurudi nyuma, na maji yenye sabuni yako yakaingia kwenye njia ambayo jirani anachota ya kunywa.

Hatua ya 3: Jenga kituo chako cha kujazia

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyumbani, au pale unapolaza gari, simamisha simtanki la lita 2,000 juu ya mnara. Usiku watu wakilala presha ya bomba huwa nzuri, acha lijae taratibu kwa mpira mdogo wenye koki ya boya, ile inayojifunga yenyewe maji yakifika juu. Asubuhi huhitaji bomba tena. Unafungua valvu kubwa ya chini na maji yanashuka kwenye gari kwa uzito wake.

Siri iko kwenye unene wa bomba la kutolea. Bomba la inchi 2 lina tundu lenye eneo mara 16 ya lile la nusu inchi, na msuguano wake ni mdogo. Mnara ukiwa na urefu wa kutosha na mpira ukiwa mfupi, lita 1,000 hushuka chini ya dakika kumi. Kosa linaloonekana sana ni kununua valvu ya inchi 2 halafu kuifunga kwenye kitokeo cha inchi moja kilichokuja na tenki. Maji yatapita kwa kipimo cha tundu dogo kuliko yote njiani. Mwambie fundi bomba akutobolee kitokeo kipya na kukufungia flenji ya inchi 2, na valvu iwe ya kufunguka tundu zima.

Urefu wa mnara upimwe kwa gari lako, wala usikadirie kwa macho. Pima kutoka chini hadi mdomo wa tenki likiwa juu ya gari, kisha kitako cha simtanki kiwe juu zaidi ya hapo kwa nusu mita angalau. Kwa Kirikuu yenye tenki fupi, mnara wa mita mbili na kidogo hutosha. Kwa Canter pima vizuri, maana bodi lake liko juu.

Lita 2,000 ni tani mbili. Mnara wa mbao za kuungaunga haubebi tani mbili, hasa mchwa wa Tabora wakishaingia. Jenga kwa zege na tofali za kuchoma, au chuma kilichochomelewa na mtu anayeaminika, na juu kuwe na sakafu bapa inayobeba kitako chote cha tenki. Tenki la plastiki likikalia mbao zenye mapengo hupasuka kitako.

Kama mnara ni gharama, nunua pampu ndogo ya petroli ya inchi 2 na uweke tenki chini. Pampu hizo husukuma mamia ya lita kwa dakika mwinuko ukiwa mdogo. Ina faida ya kubebeka hadi kwenye kisima. Hasara yake ni mafuta, kelele za saa kumi na moja alfajiri, na majirani.

Hatua ya 4: Gari libebe linachoweza

Lita moja ni kilo moja, hakuna njia ya mkato. Kirikuu za Kijapani zimeundwa kubeba kilo 350. Toa mashine, mipira, ngazi na pampu, unabaki na nafasi ya lita 200 hadi 250 za maji. Najua wapo wanaopakia tenki la lita 500 na linakwenda. Linakwenda mpaka siku ya kushika breki kwenye mteremko. Pikapu ya tani moja ichukue lita 600 au 700. Canter ichukue 1,000 hadi 2,000 kulingana na tani zake. Guta la matairi matatu soma bati lake, na usiongeze abiria wawili juu ya tenki.

Tenki likae karibu na ekseli ya nyuma, mbele yake kidogo, na chini iwezekanavyo. Lifunge kwa mikanda ya kukaza yenye kifungo cha meno. Kamba ya manila hulegea, kwa sababu tenki la plastiki hutanuka likijaa na kunywea likipungua.

Maji yaliyofika nusu ni hatari kuliko yaliyojaa. Ukikata kona yanakimbilia upande mmoja na kulivuta gari. Kwa hiyo badala ya tenki moja la lita 500, mimi napendelea mawili ya 250, yaliyounganishwa kwa kiungo chenye umbo la T na kila moja na koki yake. Maliza moja, ndipo ufungue la pili. Safarini unakuwa na tenki lililojaa na lililo tupu, hakuna linalochezacheza.

Wanaonunua yale matenki meupe ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma wasome kwanza lebo: yalibeba nini? Yaliyobeba mafuta ya kula yanasafishika. Yaliyobeba dawa au kemikali usiyoijua jina, yaache hapohapo hata kama ni bei ya kutupa. Plastiki nyeupe hupitisha mwanga na mwani huota ndani. Lifunike turubai jeusi au lipake rangi nyeusi kwa nje.

Hatua ya 5: Kutoka tenki hadi pampu

Pampu ya presha huvumilia mambo mengi, ila si hewa na mchanga.

Mpira wa kulisha uwe wa inchi moja, au robo tatu kwa mashine ndogo, wenye nyuzi ndani usiobanana ukivutwa. Uwe mfupi. Tenki likae juu kuliko pampu ili maji yajishukie yenyewe. Kitokeo kiwe vidole vitatu juu ya kitako, kusudi matope yaliyotulia yabaki chini, na kitakoni kuwe na plagi ya kuyamwagia. Chujio la waya laini lenye kikombe cha kuona ndani lifungwe kabla ya pampu, mahali unapoweza kulifungua bila spana.

Kila kiungo kiwe na tepu na klipu ya chuma. Upande wa kulisha, kiungo kilicholegea hakivuji maji, kinavuta hewa, kwa hiyo hutaona tone lolote. Utasikia. Mlio wa injini unapanda na kushuka kama anayekohoa, mpira wa presha unatetemeka mkononi, na maji yanatoka kwa kutematema badala ya mstari mmoja. Zima hapohapo. Paka povu la sabuni kwenye viungo, washa kwa muda mfupi: povu litakapoingizwa ndani, hapo ndipo penye tatizo.

Kabla ya kuwasha kila siku, toa hewa. Ondoa nozo (ncha ya bunduki), fungua koki ya tenki, bonyeza bunduki mpaka maji yatoke mfululizo bila kutema. Ndipo uwashe injini, iache iungurume kidogo, zima, rudisha nozo.

Mfuniko wa tenki uwe na tundu la hewa. Ukifunga kabisa, maji yakitoka hewa haiingii, mtiririko unafifia na tenki linanywea mbavu. Toboa tundu la kidole kidogo, ulizibe kwa wavu wa mbu.

Usiache mashine inaunguruma umeachia bunduki zaidi ya dakika mbili au tatu. Maji yanazunguka ndani ya pampu yenyewe na kuchemka, na sili (mipira ya ndani inayozuia kuvuja) zinaiva. Mwezi wa kumi, simtanki jeusi likishinda juani, maji yanaingia tayari yana joto, kwa hiyo muda huo unapungua. Ukienda kuongea na mteja, zima.

Hatua ya 6: Maji yatoke wapi

Bomba la TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, ndilo bora, na tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora, Nzega na Igunga, kazi hii imekuwa rahisi kuliko zama za kutegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. (Maji ya ziwa hilo kwa asili huenda Mto Nile. Yale unayomwaga kwenye pevingi za Cheyo yanaelekea Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Umeyahamisha bonde.) Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Bei hupangwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kwa daraja la mteja, hivyo waulize TUWASA kama kituo chako kinapaswa kuwa kwenye daraja la biashara kabla hawajakuuliza wao.

Kioski cha mtaani kitumie kwa adabu. Akina mama wenye ndoo asubuhi na jioni wana haki mbele yako. Elewana na mhudumu uje saa tano au saa nane mchana foleni ikiwa imekwisha.

Kisima kifupi kinafaa kwa kuondoa uchafu, lakini kina mambo mawili. Kwanza kinakauka: vuta lita 200, subiri, tazama yanavyorudi. Kisima cha familia usikimalize kwa ajili ya gari la mtu. Pili, maji yenye chumvi yakikaukia juu ya kioo au rangi nyeusi huacha madoa meupe. Osha kwa ya kisima, suuza mwisho kwa ya bomba. Pampu ya juu haivuti kutoka kina kinachozidi mita 7 hivi, hata iwe na nguvu vipi. Kina kikizidi hapo, tafuta pampu ya kuzamishwa.

Boza, yaani lori la maji, ni kwa kazi kubwa, kama ghala la tumbaku au uwanja wa shule. Kabla dereva hajamwaga, chota maji yake kwenye chupa nyeupe ya plastiki, iache itulie huku mnaongea bei. Tope likijikusanya chini, mwambie akupunguzie, au mwagie kwenye pipa kwanza yatulie.

Mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni maji ya bure. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 10 hutoa lita 1,000, ukitoa yanayopotea unabaki na 800. Dakika za mwanzo za mvua ya kwanza ziache zipite, zinabeba vumbi la miezi sita na majani ya mwembe.

Mtoni na bwawani usichote kwa pampu kibiashara bila kibali. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakitaka, na kwa upande huu wanaohusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iliyoko Kigoma. Kuosha gari ukingoni ni kosa jingine: shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, zinakatazwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa.

Hatua ya 7: Ratiba ya siku na bei

Jioni: mwaga matope ya kitako, safisha chujio, fungua bomba la simtanki. Alfajiri: jaza gari, kaza mikanda, toka. Panga kazi yenye bomba zuri iwe ya kwanza, ili unapoondoka pale tenki liwe limejaa tena kwa kazi ya pili isiyo na maji. Mteja akikubali ujaze kwake maji ya kwenda nayo, mlipe uniti zake. Usifanye kimyakimya, atakuja kuiona bili.

Kwenye bei weka mstari wa maji peke yake. "Maji ya kwako, bei hii. Maji ya kwangu, naongeza hii." Kwenye nyongeza hiyo ingiza uniti, mafuta ya gari, na muda wa kujaza. Muda ndio ghali. Dakika 80 za kusubiri bomba ni nusu ya kazi nyingine.

Ukiitwa Urambo, Sikonge au Kaliua, usibebe maji kutoka mjini. Tani moja ya maji kwenye barabara hizo itakula mafuta na springi kuliko faida yote. Beba tenki tupu, pampu ya inchi 2, mpira wa kuvutia wa mita 10 wenye chujio la mdomoni, na chujio la akiba la mashine. Siku moja kabla, piga simu, mwombe mwenyeji akajaze ndoo ya lita 20 kwenye chanzo atakachokupa, akutajie sekunde, na akutumie picha ya maji hayo ndani ya chupa.